Bunduki ya Babu Haikwenda Vitani

Kuna maswali ambayo mwalimu wa historia huulizwa na ambayo majibu yake hayamo katika kitabu chochote cha kiada. Swali mojawapo lilimfikia rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu aliyelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini katika Bonde la Ufa. Shule aliyoitumikia ilikuwa ikiandaa kitabu kidogo cha kuadhimisha kuanzishwa kwake, na familia moja ya eneo hilo ilikuwa imetoa picha ya bunduki kongwe ili ichapishwe humo. Mwalimu aliombwa jambo moja tu, nalo ni kuandika sentensi mbili tatu za kuwekwa chini ya picha hiyo.

Maneno yenyewe yalikuwa tayari vinywani mwa watu. Familia ilisema kwamba bunduki ile ilitekwa na babu yao kutoka kwa Mjerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, naye akarudi nayo nyumbani. Habari hiyo ilikuwa imesimuliwa katika harusi na katika matanga kwa muda wa vizazi vitatu. Wajukuu waliitaja kwa fahari. Mwana wa marehemu, mzee ambaye sasa anakaribia miaka tisini, aliisimulia kana kwamba alikuwako.

Rafiki yangu angeweza kuandika kama alivyoambiwa na kwenda zake. Kitabu kingechapishwa, wanafunzi wangekisoma, na baada ya miaka kumi mwanafunzi mwingine angekinukuu katika insha yake kama ushahidi. Hivyo ndivyo uvumi uvaavyo joho la historia. Lakini mtu aliyewafundisha vijana miaka yote hiyo kwamba chanzo hupimwa kabla ya kuaminiwa aliona haya kulikiuka somo lake mwenyewe. Aliniomba tufuatane hadi Nairobi kwa fundi mwenye leseni ambaye ndiye aliyeihifadhi bunduki yenyewe. Sheria ya nchi hii haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila cheti, hata kama ni ya babu yake, na hata kama haijalia tangu uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977.

Nayasimulia hapa tuliyoyaona siku hiyo si kwa sababu ninazipenda bunduki. Nayasimulia kwa kuwa sijapata kuona somo la historia lililofundishwa waziwazi kiasi kile, tena na kitu kisichoweza kusema.

Kwanza yafaa tuelewe bunduki ya kuagizwa ni kitu gani. Bunduki ya jeshi hutengenezwa kwa maelfu, na kila moja hufanana na mwenziwe kama sare za wanafunzi. Bunduki ya kuagizwa ni kama suti ya kushonewa. Mteja alikwenda kwa fundi, akapimwa urefu wa mkono na upana wa bega, akaulizwa kama hutumia jicho la kulia au la kushoto, akachagua ubao wa kitako, akachagua nakshi, na hatimaye akatiwa herufi za jina lake juu ya kibati kidogo cha fedha. Fundi huyo aghalabu hakutengeneza kila kitu kwa mikono yake. Kile kiini cha chuma ambamo risasi hupakiwa na ambamo komeo huenda mbele na nyuma kiliweza kutoka katika kiwanda cha Mauser huko Oberndorf, Ujerumani. Mtutu uliweza kutoka mji mwingine, na ubao wa mti wa jozi ukatoka Ufaransa au Uturuki. Kwa sababu hiyo bunduki ya namna hii haina siku moja ya kuzaliwa. Ina siku nyingi, na kila kiungo chake kina yake.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanaona mwaka mmoja umechapwa mahali fulani, wanafurahi, wanadhani wamepata umri wa bunduki nzima. Kanuni iliyo sahihi ni nyingine, nayo si ya bunduki peke yake: kitu kilichoundwa kwa viungo vingi hakiwezi kuwa kikongwe kuliko kiungo chake kichanga kabisa. Wanafunzi waliowahi kuzuru magofu ya Gede, karibu na Malindi, wameiona kanuni hii ikifanya kazi. James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka wa 1948, alitumia vigae vya vyombo vya Kichina kukadiria umri wa majengo. Iwapo kigae cha karne fulani kimefukiwa chini ya sakafu ambayo haijawahi kuvunjwa, basi sakafu hiyo haikuweza kutandazwa kabla ya karne hiyo. Haidhuru wenyeji wasimulie nini. Kigae hakina ukoo wa kutetea.

Katika bunduki, kigae chetu ni chapa ya majaribio. Mtutu mbovu ukijazwa baruti hupasuka na kumwua anayeushika, na ndiyo maana nchi zilizotengeneza bunduki kwa wingi ziliweka nyumba maalumu za kuzijaribu. Kampuni ya wafua bunduki wa London ilipewa hati ya kifalme mwaka wa 1637. Mji wa Liège nchini Ubelgiji uliwekewa amri ya kujaribu mitutu mwaka wa 1672. Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka wa 1813, nayo Ujerumani ikapitisha sheria yake mwaka wa 1891. Kazi ya nyumba hizo ni moja: bunduki hupigwa kwa risasi yenye nguvu kupita ile ya kawaida, kisha hukaguliwa, na ikiwa haikupasuka wala kuvimba hupigwa chapa. Chapa hizo zimebadilishwa mara kadhaa kadiri sheria zilivyobadilika. Kwa hiyo anayezijua huzisoma kama sisi tunavyosoma mihuri ya posta kwenye bahasha, akajua barua imepitia wapi na lini.

Fundi alihakikisha kwanza kwamba bunduki ilikuwa tupu. Akaifungua taratibu, akautoa ubao na kuuweka kando juu ya kitambaa, maana chapa nyingi hujificha chini ya mbao mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki. Hakuchukua msasa wala brashi ya waya. Alitumia kitambaa laini chenye mafuta kidogo, tochi iliyomulika kutoka upande, na karatasi nyembamba aliyoiweka juu ya chapa na kuisugua kwa penseli, kama watoto wafanyavyo na sarafu. Rafiki yangu alitoa daftari, akaandika kila alama na mahali ilipokuwa. Hatukuruhusiwa kutoa maoni yoyote hadi orodha ilipokamilika.

Alama ya kwanza ilikuwa juu ya kiini, kwenye duara linaloupokea mtutu. Mtu fulani alikuwa ameisugua zamani ili aifute, lakini mwanga wa upande uliifichua. Tuliona taji, chini yake jina Erfurt, na chini ya jina hilo mwaka wa 1917.

Rafiki yangu alinitazama kwa furaha. Erfurt palikuwa na karakana ya silaha ya serikali ya Ujerumani, na chapa ya taji, mji na mwaka ndiyo iliyokuwa ikipigwa juu ya bunduki za jeshi aina ya Mauser, ambazo Ujerumani ilizikubali rasmi mwaka wa 1898. Kumbe chuma kile kilikuwa cha Mjerumani kweli, tena cha wakati wa vita! Kwa dakika moja ilionekana kana kwamba familia imeshinda kesi.

Lakini mwalimu wa historia hukumbuka pia bahari. Tangu vita vilipoanza, meli za Uingereza zilizifunga pwani za koloni la Wajerumani, yaani Tanganyika ya baadaye. Ni meli mbili tu za shehena zilizofaulu kupenya kutoka Ujerumani. Ya kwanza ilikuwa Rubens, iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Aprili 1915. Ya pili ilikuwa Marie, iliyofika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, mwezi wa Machi 1916. Baada ya hapo hakuna meli nyingine iliyofika. Mwezi wa Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kupeleka shehena kwa chombo cha angani, L59, kilichoondoka Bulgaria na kuvuka Misri, lakini kilirudi kutoka anga ya Sudan bila kutua. Jeshi la Lettow-Vorbeck halikupata tena hata bunduki moja kutoka kwao. Mwanzoni askari wake wengi walikuwa na Mauser za kale za mwaka wa 1871, zilizotoa moshi mwingi uliowafichua kwa adui. Mwishoni, walipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, bunduki zao karibu zote zilikuwa za Waingereza na za Wareno, walizoziteka vitani.

Sasa tujiulize: bunduki iliyotengenezwa Erfurt mwaka wa 1917 ingefikaje mikononi mwa Mjerumani katika Afrika Mashariki kabla ya vita kwisha? Haikuwa na njia. Mwaka ule ule uliotufurahisha ndio uliolikanusha simulizi. Huenda babu aliteka bunduki nyingine vitani, sikatai. Lakini hii si hiyo.

Alama zilizofuata zilikuwa chini ya mtutu, mahali palipofunikwa na ubao. Kulikuwa na herufi nne, B, U, G na N, kila moja chini ya taji dogo. Hizo ni chapa za sheria ya Ujerumani. Ya kwanza husema kwamba mtutu umepigwa risasi ya majaribio, ya pili kwamba umekaguliwa, ya tatu kwamba una mifereji ya kuzungusha risasi, na ya nne kwamba umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Taji lenyewe ni ushahidi, kwa kuwa sheria mpya ya mwaka wa 1939 ililiondoa taji na kuweka tai mahali pake. Kando ya herufi hizo palikuwa na jina la mji wa Suhl, mji wa mafundi wa bunduki tangu enzi na enzi, na tarakimu 8.26, maana yake mwezi wa nane mwaka wa 1926. Na hapo ndipo tulipokipata kigae chetu chini ya sakafu. Kiini kilikuwa cha 1917, lakini mtutu ulijaribiwa Agosti 1926. Bunduki tuliyoishika, kama tulivyoishika, haikuwako duniani kabla ya mwezi huo, miaka minane karibu baada ya vita kumalizika.

Historia inatueleza vyema jambo hilo lilivyotokea. Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919 uliliwekea jeshi la Ujerumani mpaka wa watu 100,000. Bunduki za jeshi zilizobaki zilikuwa nyingi mno, na mafundi wa Suhl na miji jirani walizinunua viini vyake, wakavifuta chapa za jeshi, wakavitia mitutu mipya na vitako vya kifahari, wakaziuza kama bunduki za kuwindia. Panga lilifanywa jembe, au tuseme lilifanywa kisu cha mwindaji.

Kipenyo cha mtutu nacho kilisema neno. Risasi iliyofaa humo ni ile ya milimita 9.3 kwa 62, ambayo ilibuniwa na fundi Otto Bock wa Berlin mwaka wa 1905. Bock aliipima makusudi ili iingie katika kiini cha kawaida cha Mauser, na ikapendwa mno na walowezi wa Kijerumani katika Afrika kwa sababu iliweza kumwangusha mnyama mkubwa kwa bunduki ya bei nafuu. Si risasi ya askari kabisa. Jeshi la Ujerumani lilitumia milimita 7.92. Aina ya risasi ni kalenda nyingine ambayo wachunguzi huitegemea. Bunduki ya .416 ya Rigby haiwezi kuwa ya kabla ya 1911, ile ya .375 ya Holland & Holland haiwezi kuwa ya kabla ya 1912, na ile ya .458 ya Winchester haiwezi kuwa ya kabla ya 1956. Mtu akikuonyesha bunduki ya .458 na kukuapia kwamba ilipiga ndovu mwaka wa 1920, msikilize kwa heshima, lakini usiandike.

Hatukuwa tumemaliza. Karibu na chapa za Kijerumani palikuwa na chapa za Birmingham, nazo ni taji juu ya herufi BP, BV na NP, pamoja na maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba silaha hii haikutengenezwa Uingereza. Maneno hayo yalipigwa juu ya bunduki za kigeni kati ya mwaka wa 1925 na 1955. Kwa hiyo bunduki yetu ilitoka Suhl, ikapitia Uingereza, ikajaribiwa mara ya pili, na ndipo ikaja huku. Bunduki iliyotekwa porini haisafiri kwanza hadi Birmingham kupigwa mhuri.

Juu ya kitako palikuwa na kibati cha fedha chenye herufi tatu za jina la mtu. Hazikuwa herufi za jina la babu. Na kwenye shingo ya kitako, mahali palipowahi kuvunjika, palikuwa na ngozi iliyoshonwa kwa ustadi, ngozi ambayo huvishwa ikiwa mbichi, kisha hukauka na kukaza kuliko gundi. Ngozi hiyo haikuwa na chapa yoyote. Fundi alisema tu kwamba ni kazi ya mtu mwenye subira.

Tulirudi tukiwa na daftari lililojaa na mioyo mizito. Ni rahisi kukanusha simulizi ukiwa Nairobi, lakini si rahisi kumkabili mzee nyumbani kwake, mbele ya wajukuu wake, ukamwambia kwamba fahari ya baba yake haina msingi. Nilimshauri rafiki yangu aandike tu "bunduki ya kale" na kunyamaza. Alikataa. Alisema kwamba aliyeombwa ukweli akatoa ukimya amedanganya vilevile.

Basi tulikwenda. Mwalimu hakuanza na hukumu, alianza na maswali. "Mzee, wewe mwenyewe uliiona nini kwa macho yako, na ulisikia nini kwa wengine?" Mzee alifikiri kitambo kirefu. Akasema kwamba habari ya vita aliisikia kwa watu alipokuwa mtu mzima. Baba yake mwenyewe alizungumza juu ya kubeba mizigo, juu ya njaa na juu ya wenzake waliozikwa njiani, lakini hakumbuki kumsikia akisema kwamba aliteka silaha. Kisha akasema neno lililotufanya tutazamane. Alisema kwamba alipokuwa mtoto alimwona baba yake ameketi chini ya mti akiishona ngozi kwenye kitako cha bunduki ile, na kwamba alitumwa kuleta maji ya kuilowesha.

Hatukuwa tumemwambia lolote kuhusu ngozi.

Mwalimu aliuliza kama marehemu aliacha karatasi yoyote. Mjukuu mmoja alikwenda ndani, akarudi na kibweta cha bati kilichokuwa chini kabisa ya sanduku. Kilikuwa kipande. Wanafunzi wamefundishwa kuhusu kipande: ile hati ya kazi ambayo serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuivaa shingoni baada ya vita vile vya kwanza, iliyoandikwa majina ya waajiri wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Familia haikuwahi kukionyesha kwa mtu. Kilikuwa cha aibu. Ndani yake, kwa wino uliofifia, palikuwa na jina la mwajiri, na herufi za kwanza za jina hilo zilikuwa zile zile tatu za kwenye kibati cha fedha. Mwaka ulikuwa 1931. Kazi iliyotajwa ilikuwa ya kubeba bunduki.

Hapo bunduki na kipande vilisimulia habari moja. Mwindaji fulani alifika nchini akiwa na bunduki aliyoitengenezea Suhl na kuipitisha Birmingham. Alimwajiri babu aibebe. Kubeba bunduki hakukuwa kazi ya mtumishi wa kawaida. Mbeba bunduki alitembea hatua moja nyuma ya mwindaji, mbele ya nyati na simba, akiwa ameshika silaha ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuifyatua, na uhai wa wote wawili ulitegemea asikimbie. Mzee alieleza kwamba mwajiri huyo aliiacha bunduki kwa familia, kwa cheti halali, alipouza shamba lake na kurudi kwao baada ya uhuru. Vitabu vya safari za wakati ule vimejaa majina ya wawindaji. Majina ya wabeba bunduki ni machache mno.

Kwa hiyo ukweli haukumpokonya babu heshima. Ulimwondolea heshima ya kuazima ukampa iliyo yake. Wala habari ya vita haikutupwa yote, kwa maana Wachukuzi wa vita walikuwako, walikufa kwa makumi ya maelfu, na majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam yametokana na kikosi chao. Mambo mawili ya maisha ya mtu mmoja, vita na bunduki, yalikuwa yameungana katika kumbukumbu za watu kama kiini cha Erfurt kilivyoungana na mtutu wa Suhl.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu, nayo ni fedha. Bunduki kongwe yenye jina kubwa huuzwa kwa bei ya juu mno katika minada ya Ulaya na Marekani. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliwinda Kenya mwaka wa 1909, naye W. D. M. Bell aliwinda ndovu Karamoja kwa bunduki ndogo ya Rigby. Ikisemwa kwamba bunduki fulani iliguswa na mmoja wao, thamani yake hupanda mara nyingi. Kwa hiyo wako watu wanaochonga herufi mpya juu ya kibati cha kale na kuandika barua za uongo. Dawa yake ni vitabu vya watengenezaji. Makampuni kama Rigby, Holland & Holland na Westley Richards yametunza daftari zinazoonyesha namba ya bunduki, tarehe na jina la mteja. Daftari hizo zimewahi kuthibitisha visa vikubwa, na zimevivunja vingine.

Kwa walimu wenzangu na wanafunzi, nina rai chache. Katika nyumba nyingi kuna vitu vya kale: saa, baiskeli, cherehani, medali, vyeti, mikufu. Visomeni. Msivisugue wala kuvipaka rangi, kwa sababu mng'aro hufuta ushahidi. Andikeni kila alama na mahali ilipo kabla hamjaanza kufasiri. Kwa kila alama ulizeni ni nani aliyeipiga, ilitumika miaka gani, na iko juu ya kiungo kipi. Tafuteni kiungo kichanga kabisa. Waulizeni wazee walichokiona wenyewe, kisha walichokisikia, na msivichanganye viwili hivyo. Na iwapo kitu chenyewe ni bunduki, msikiguse wala kujaribu kukipiga. Mpelekeni habari afisa wa polisi, maana silaha kongwe yaweza kuwa na risasi ndani, na sheria haisamehi kwa sababu ya umri.

Kitabu cha shule kilichapishwa. Kabla ya hapo mwalimu alimsomea mzee maneno ya chini ya picha, neno kwa neno. Yalisema: "Bunduki ya kuwindia. Kiini chake kilitengenezwa Erfurt mwaka wa 1917, na mtutu wake ulijaribiwa Ujerumani mwezi wa Agosti 1926, kisha ikapitia Birmingham. Babu aliibeba tangu 1931, kama kipande chake kinavyoonyesha, na alikishona kitako chake kwa mkono wake mwenyewe, kama anavyokumbuka mwanawe. Familia husimulia kwamba alikuwa pia mchukuzi katika vita vya 1914 hadi 1918."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaomba asomewe tena ile sentensi ya kitako. Aliposikia mara ya pili, aliwaambia wajukuu wake wakitoe kile kibweta cha bati katika sanduku, na kwamba nacho kipigwe picha.